Nadharia ya bharatanatyamu kwa anayeanza: hesabu kwanza, mikono baadaye

Wengi wanaoanza bharatanatyamu, ile ngoma ya Tamil Nadu kusini mwa India, wanakimbilia mudra, yani ishara za mikono, maana ndo zinapendeza kwenye picha, alafu muziki ukianza wanapotea. Wanafunzi wangu nawaanzishia kwenye tala, yani mzunguko wa hesabu za muziki, na we nakusihi ufanye hivohivo.

Hatua ya 1: tala. Kaa chini. Adi tala ina hesabu 8: piga kiganja pajani, hesabu kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, alafu piga, geuza kiganja kiangalie juu, piga, geuza, mzunguko umeisha. Mkono ukizoea ongeza mdomo, sema ta-ka-di-mi, silabi 4 ndani ya kila hesabu, kisha badili iwe ta-ki-ta, silabi 3 ndani ya hesabu ileile na mkono usikimbie wala kuchelewa. Kuna makundi matano ya silabi, ya 3, 4, 5, 7 na 9, ila shika hayo mawili mpaka uyaseme huku unapika.

Hatua ya 2: adavu, yani miondoko ya msingi. Simama araimandi, yani nusu kuchuchumaa, mgongo wima, magoti na vidole vya miguu vikielekea pembeni. Anza na tatta adavu, unapiga nyayo chini kwa "tai ya tai hi" kwa kasi tatu, kila kasi mara mbili ya iliyotangulia, tala ileile. Magoti yakirudi mbele simama kwanza jamani, utaumia.

Hatua ya 3: sasa mikono. Abhinaya Darpana, kitabu cha kale cha ngoma, kinataja hasta (ndo hizo mudra) 28 za mkono mmoja. Usikariri maumbo tu, kariri na matumizi: pataka, vidole vimenyooka vimeshikana na dole gumba limekunjwa, inaweza kuwa wingu, msitu, mto, usiku, hata kukataa kitu. Kinachotofautisha ni macho na uso, ndo maana kitabu hichohicho kinasema mkono uendako macho yafuate, na akili ifuate macho.

Hatua ya 4: historia. Kalakshetra, shule ya ngoma ya mchezaji Rukmini Devi, ilianzishwa 1936, ila kabla yake ngoma hii, ikiitwa sadir, ilibebwa na familia za devadasi, yani wanawake wachezaji wa mahekaluni. Usisome historia inayowaruka hao.

Baada ya hapo omba mwalimu akufundishe alarippu, ngoma ya kufungulia onyesho. Ni fupi, haina hadithi, mara nyingi ina hesabu ya ta-ki-ta, na inaamsha mwili taratibu kuanzia macho na shingo mpaka miguu.