Kulitambua jiwe kwa kucha, kikombe na mizani

Usianze na rangi. Kwatzi, madini ya kawaida yanayofanana na kioo, peke yake inaweza kuwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau, ya moshi, hata nyeusi, na bado ni kwatzi ileile. Anza na mambo ambayo madini hayawezi kuyaficha: ugumu, rangi ya unga wake, namna yanavyovunjika na uzito wake.

Vifaa vyote vinapatikana mtaani: msumari wa chuma, kipande cha waya wa shaba, kisu kizuri, kipande cha kioo, sumaku ya spika mbovu, lenzi inayokuza mara 10 na kikombe cha kauri kilichovunjika. Kipindue hicho kikombe: pete ya chini haikupakwa ile rangi ya kung'aa na inakwaruza kama msasa laini. Hapo ndipo pa kusugulia jiwe. Mgongo wa kigae cha ukutani nao unafaa, mradi uwe mweupe; vingi vina mgongo wa udongo mwekundu na vitakudanganya.

Kisha lipasue jiwe. Ganda la nje limepigwa na jua na mvua miaka mingi, limelainika na kubadilika rangi, kwa hiyo chochote utakachopima juu yake ni habari za kutu, si za jiwe. Liloweshe kwanza na uvae miwani. Vumbi la kwatzi likizoeleka kuvutwa ndilo linaloleta ugonjwa wa mapafu kwa wachimbaji.

Ugumu

Friedrich Mohs, Mjerumani, alipanga madini kumi mwaka 1812, kuanzia talki (1) hadi almasi (10). Katikati wapo jasi (2), kalsaiti (3), felspa (6), kwatzi (7), topazi (8) na yakuti (9). Vifaa vyako vinaingia humo humo: kucha ni kama 2.5, waya wa shaba 3, msumari kati ya 4 na 5, kioo na kisu karibu 5.5.

Tafuta sehemu tambarare, kandamiza ncha, vuta mara moja kama sentimita moja. Halafu futa kwa kidole kilicholowa. Wengi huruka hatua hii na ndipo wanapokosea: mstari ukifutika, ni msumari ulioacha chuma chake juu ya jiwe, yaani jiwe limeshinda. Ukipitisha kucha na ikanasa kwenye mfereji, jiwe limekwaruzika kweli. Geuza na mwendo: jiwe likwaruze kioo, uone kama majibu yanaafikiana.

Jiwe la punjepunje halipimwi hivi. Jiwe la mchanga humomonyoka kwa kisu ingawa punje zake ni kwatzi. Ulichokipima ni gundi iliyozishika.

Na lile neno la vijiweni kwamba jiwe likikata kioo ni almasi, liache hukohuko. Kwatzi inakata kioo. Ganeti, topazi, hata felspa zinakata.

Unga wake

Sugua jiwe kwenye pete ya kikombe mpaka liache mstari, kisha tazama rangi ya mstari, si ya jiwe. Hematiti inaweza kung'aa nyeusi kama chuma kilichosuguliwa, lakini mstari wake ni mwekundu wa kutu. Magnetaiti huacha mweusi na huvutwa na sumaku. Kinywe (grafiti, ile ya ndani ya penseli) nacho huacha mweusi, ila huchafua vidole na huteleza kama mafuta. Mawe mengi meupe na ya kung'aa kama kioo huacha mstari mweupe, na hapo kipimo hiki hakikusaidii sana.

Ugumu unapimwa kabla ya unga kwa sababu kauri yenyewe ina ugumu wa karibu 7. Jiwe gumu kuliko hapo huichimba kauri, nawe ukabaki unasoma unga wa kikombe.

Dhahabu na wanaofanana nayo

Ukiona chembe ya njano, isogeze kivulini kwanza. Dhahabu hubaki njano ileile juani na kivulini, kila upande unaoigeuzia. Ulanga (maika) hung'aa ukipata jua kwa pembe fulani, ukiugeuza kidogo unazimika. Kwenye karai la kuoshea mchanga pia ulanga hukimbia na maji, dhahabu hubaki nyuma chini ya mchanga mweusi.

Kisha chukua sindano na lenzi. Bonyeza chembe: dhahabu hubonyea, na ukiigonga hutandazika bila kuvunjika. Ulanga huchambuka majani membamba. Pairaiti, ile iitwayo dhahabu ya wajinga (ugumu 6 hadi 6.5, haikwaruziki kwa kisu) huvunjika ikawa unga mweusi wenye ukijani, na mara nyingi huwa na umbo la dadu lenye mistari sambamba usoni. Kalkopairaiti, madini ya shaba, hukwaruzika kwa kisu, unga wake ni mweusi wa kijani, na uso uliokaa nje hupata rangi za zambarau na bluu kama mafuta juu ya dimbwi. Unga wa dhahabu ni njano. Usichome jiwe usilolijua ili kulijaribu: baadhi hutoa moshi wa arseniki.

Linavyovunjika

Shika kipande chini ya taa ukizungushe polepole. Vingazi vingi vidogo vikimetameta kwa pamoja, huo ni mpasuko, yaani jiwe limeachana kwenye nyuso bapa. Ulanga hupasuka upande mmoja, felspa pande mbili karibu pembe mraba, galena (madini ya risasi) na chumvi pande tatu zinazotoa dadu. Kalsaiti nayo hutoa pande tatu, ila dadu lake limelala upande. Kwatzi haina mpasuko. Huvunjika kwa mawimbi ya duara kama chupa nene.

Uzito

Jiwe la thamani usilikwaruze, lipime. Utahitaji mizani ya kidijitali.

1. Pima jiwe likiwa kavu, andika gramu.
2. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri.
3. Ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba mpaka lizame lote bila kugusa chini wala ubavuni. Litingishe viputo vitoke.
4. Gawanya namba ya kwanza kwa namba inayosomeka sasa.

Gramu 53.0 zikigawanywa kwa 20.0 ni 2.65: kwatzi. Tanzanaiti hucheza karibu na 3.35, spineli 3.6, rubi 4.0, pairaiti 5.0, galena 7.5. Kwa jiwe dogo tafuta mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Jiwe la gramu 2 kwenye mizani ya 0.1 linaweza kusoma 0.5 au 0.6, na jibu likaruka kutoka 4.0 hadi 3.3, yaani kutoka rubi hadi tanzanaiti.

Ukithibitisha kwamba ni pairaiti, usikimbilie kuitupa. Pairaiti inaweza kubeba dhahabu laini isiyoonekana hata kwa lenzi, na hapo sindano na kikombe vimefika mwisho wake. Chukua vipande kutoka sehemu mbalimbali za mwamba, si vile vinavyong'aa tu, uvipeleke maabara vikapimwe kwa tanuri.