Somo: Buibui mrukaji wa ukutani kwako ni spishi gani?

Wakuu, zile picha za "huyu anaitwaje" mnazotuma hapa kundini zimekuwa nyingi, kwa hiyo naweka somo zima. Nazungumzia buibui warukaji, familia ya Salticidae, wale wadogo wanaowinda bila kutega utando. Ukimsogelea, anageuka kukutazama kama mtu anayejiuliza umekuja kudai nini. Spishi zao zilizokwisha kuelezwa duniani zinapita 6,000, kwa hiyo kumtambua kwa rangi tu ni kubahatisha.

1. Hakikisha ni mrukaji. Tazama macho. Yako manane. Mawili ya mbele katikati ni makubwa kama taa za lori, pembeni yake kuna mawili madogo, na manne yaliyobaki yako juu ya kichwa kuelekea nyuma. Jozi moja katika hayo manne ni kama ncha ya sindano. Bila lenzi ya mkono huioni.

2. Mpige picha angali hai. Mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini yake, basi. Piga uso, mgongo na ubavu. Usiahirishe, maana akishaingia kwenye spiriti ya kumhifadhia (hatua ya 4) rangi hupauka, hasa nyekundu na njano. Andika hapohapo tarehe, mahali, na alikuwa juu ya nini: ukuta, gome, au jani la mti gani.

3. Ni mzima au mtoto? Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Mtoto hana viungo vya uzazi vilivyokamilika, na bila hivyo mara nyingi utaishia kujua jenasi tu, yaani kundi la spishi za karibu, si spishi yenyewe. Tazama vile vipapasio viwili vilivyo mbele ya mdomo. Kwa jike ni vyembamba kama vijiguu. Kwa dume mzima vimevimba nchani mithili ya glovu za bondia, na ndani ya uvimbe unaona mikunjo na vimiba. Vikiwa vimevimba lakini ni laini tupu, huyo bado hajajivua gamba mara ya mwisho. Mweke kwenye chupa yenye hewa, mlishe inzi wadogo wa ndizi mbivu, umsubiri.

Na usisahau kwamba dume na jike wanaweza kuwa tofauti kama kuku na bata. Mwaka wangu wa kwanza niliwakamata wawili kwenye ukuta mmoja wa choo. Mmoja alikuwa wa kijivu mwenye mstari mweusi kila upande wa tumbo, mwingine mwenye mstari mmoja mpana wa giza katikati. Nikaandika kwa fahari: "spishi A, spishi B." Kumbe mtu na mkewe! Walikuwa *Menemerus bivittatus*, buibui wa kuta za nyumba katika nchi nyingi za joto.

4. Mhifadhi. Etanoli ya asilimia 70 inatosha kwa kuchunguza umbo; ukitaka vinasaba, tumia ya asilimia 95 au zaidi. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe NDANI ya chupa. Mimi niliwahi kubandika lebo za kalamu ya wino kwa nje, spiriti ikavuja, na vichupa kumi na vinne vikabaki mayatima.

5. Chini ya hadubini. Kwa dume, tunachora kipapasio cha kushoto, kutoka chini na kutoka ubavuni. Angalia umbo la kile kisindano cha kupitishia mbegu, kinatokea wapi na kinapinda upande gani. Kisha mwiba ulio kwenye pingili inayotangulia uvimbe. Kwa jike, angalia epijini, kile kibamba kigumu cha uzazi chini ya tumbo. Mifereji ya ndani haionekani mpaka ukitoe na kukifanya kiwe angavu. Wataalamu wengi hutumia mafuta ya karafuu, kwa hiyo ndugu zangu wa Pemba, hapo hamna kisingizio.

6. Andika maelezo. Pima kwa milimita urefu na upana wa gamba la mbele (linalofunika kichwa na kifua), kisha tumbo. Fuata na rangi, miguu, na viungo vya uzazi. Ikiwa kweli ni mpya, chagua kielelezo kimoja kiwe holotaipu, yaani kielelezo rasmi kinachobeba jina la spishi, na useme kimehifadhiwa wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Niko Kisumu. Kuna mmoja ana uso mwekundu, anapenda mbu. Ni yupi?*
Huenda ni *Evarcha culicivora*, ambaye jina lake lina maana ya mla mbu. Alielezwa na Wesołowska na Jackson mwaka 2003, naye ni mwenyeji wa kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu, hasa Anofelesi, yule aenezaye malaria. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kuwa huvutiwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa. Lakini uso mwekundu peke yake si ushahidi. Rudi hatua ya 5.

*Mwalimu, mbona baada ya majina mengine ya kisayansi, jina la mwandishi aliyeieleza spishi liko kwenye mabano?*
Mabano yanamaanisha spishi ilihamishwa jenasi. Dufour mwaka 1831 alimwita yule wa chooni kwangu *Salticus bivittatus*. Alipohamishiwa *Menemerus*, jina la Dufour likaingia kwenye mabano.

*Anauma? Nina watoto.*
Ana sumu ya kuulia wadudu, lakini kwa mtu si hatari. Ukimbana ndani ya nguo anaweza kuuma. Mwache ale inzi wako.

*Nikipata mpya, nipeleke vielelezo Ulaya?*
Si kwa kutia mfukoni. Utafiti una kibali: Tanzania anzia COSTECH, Kenya NACOSTI (tume za sayansi za nchi hizo), na kusafirisha nje kuna vibali vyake. Ni kweli vielelezo vingi vya zamani vya Afrika viko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lakini siku hizi unaweza kuanza kwa kulinganisha na michoro kupitia World Spider Catalog, orodha ya buibui wa dunia iliyo mtandaoni, bure.

*Naweza kumpa jina langu mwenyewe?*
Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama haikatazi, ila utachekwa. Mpe la mama yako. Kwa mwanamke, mwisho wa jina huwa -ae.