Kabla hujachagua riwaya ya upelelezi

Jiulize kwanza: leo nataka kumsaka muuaji, au nataka roho iwe juu juu? Ni hamu mbili tofauti kabisa. Kwenye riwaya ya taharuki, ile ya kukuweka roho juu, muuaji unaweza kumjua tangu sura ya kwanza na usingizi bado usije. Ukishaamua, fungua kitabu katikati, soma ukurasa mmoja wenye mazungumzo. Wahusika wote wakiongea kwa sauti ile ile, kirudishe. Maneno ya jalada la nyuma soma mistari miwili tu. Mara nyingi humwaga siri. Mfululizo nao una yake: visa vya mpelelezi Poirot wa mwandishi Agatha Christie, vilivyoanza 1920, anza popote, ila kile cha mwisho, cha 1975, tafadhali kiache mwisho kweli.