Somo: Ipe kila safu ya CSV aina yake kabla ya kuchora chati

Faili la CSV halijui namba. Kilo, bei, tarehe, namba ya mtumbwi, vyote humo ni maandishi yaliyotenganishwa kwa koma. Ukilisoma kwa d3.csv, fankisheni ya D3 (maktaba ya JavaScript ya kuchora chati), kivinjari kinakukabidhi maandishi hayohayo, na kuamua kipi kiwe namba, kipi kiwe tarehe na kipi kibaki kama kilivyo ni kazi yako. Ukiiachia mashine ikisie, chati itachorwa vizuri tu huku ikidanganya, na hapo ndipo penye hatari: chati iliyokataa kabisa kuchorwa hugunduliwa siku hiyohiyo, ile inayodanganya hufika hadi mkutanoni.

Mfano wetu ni daftari la mialo (sehemu za ufukweni samaki wanapopokelewa) ya Mwanza lililonakiliwa kwenye kompyuta. Namba ni za mfano, ila namna zilivyoandikwa ndiyo utakayoikuta.

```
tarehe,mwalo,chombo,samaki,kilo,bei,saa,kipindi
03/04/2024,Kirumba,0147,sangara,980,"9,500/=",2:30,asubuhi
04/04/2024,Kirumba,0147,Sangara,"1,250","9,500/=",3:00,asubuhi
05/04/2024,Igombe,0092,sato,,"8,000/=",11:40,alfajiri
6/4/24,Kayenze,2E3,dagaa,-,"4,000/=",12:15,jioni
```

Kabla ya kuanza

Usifungue ukurasa kwa kubofya faili la HTML mara mbili. Kivinjari kitazuia kusoma CSV. Ingia kwenye folda yako, andika `python3 -m http.server 8000`, kisha fungua `http://localhost:8000`. Kodi yote hapa chini ikae ndani ya `<script type="module">`, la sivyo `await` itakataa.

Pia usilifungue CSV ndani ya Excel kisha ukalihifadhi juu ya nakala ya asili. 0147 itabaki 147, na 2E3 itageuzwa kuwa elfu mbili. Weka nakala ya asili pembeni, isiguswe.

Hatua ya 1: tazama kilichomo

```
const ghafi = await d3.csv("mwalo.csv");
console.log(ghafi.columns);
console.log(new Set(ghafi.map(d => d.kilo)));
```

Mstari wa pili unaonyesha majina ya safu. Chunguza nafasi zilizojificha: safu ikiitwa `"kilo "` yenye nafasi mwishoni, `d.kilo` itakupa `undefined` kwa kila rekodi. Mstari wa tatu unakuorodheshea kila namna ambayo karani ameandika kilo. Fanya hivyo kwa kila safu unayotaka kuichora. Ni dakika chache, na ndizo zinazookoa muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Hatua ya 2: fahamu kwa nini njia za mkato hazifai

Ukiacha kilo zibaki maandishi, `d3.max`, inayotafuta thamani kubwa kuliko zote, italinganisha herufi kwa herufi. "980" itaishinda "1250" kwa kuwa 9 ni kubwa kuliko 1, na mhimili wako utaishia 980.

Ukiweka alama ya kujumlisha mbele, yaani `+d.kilo`, seli tupu inageuka 0 na "1,250" inageuka NaN, yaani "si namba". `parseFloat` ni mbaya zaidi kwa daftari la aina hii: ikifika kwenye koma inasimama, kwa hiyo "1,250" inakuwa 1 na hakuna onyo lolote.

Wengi hukimbilia `d3.autoType`, inayokisia aina ya kila seli yenyewe. Ina faida, maana seli tupu inaipa `null` (hakuna thamani) badala ya sifuri. Lakini inakisia seli moja moja, haitazami safu nzima. Katika safu ya kilo, 980 itakuwa namba na "1,250" itabaki maandishi. Ukijumlisha kwa `d3.sum`, kisichosomeka kama namba kinarukwa kimyakimya. Tazama kinachopotea hapo: koma huwekwa kuanzia elfu moja, kwa hiyo siku zinazoachwa nje ya jumla ni zilezile za mavuno makubwa. `d3.max` nayo inaziruka hapa, kwa kuwa thamani ya kwanza kwenye safu ni namba. Chati itaonyesha mwalo ambao haujawahi kufikisha tani moja kwa siku, hata kama ulifikisha kila wiki.

Isitoshe, autoType itaigeuza 0147 kuwa 147 na chombo 2E3 kuwa 2000. Namba ya chombo haijumlishwi wala haitafutiwi wastani. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Iache iwe maandishi.

Hatua ya 3: fankisheni ya namba

```
function namba(s) {
  if (s == null) return null;
  const safi = s.replace(/\/[=-]|,|kg|\s/gi, "");
  if (safi === "" || safi === "-") return null;
  const n = Number(safi);
  if (Number.isNaN(n)) { console.warn("Si namba:", s); return null; }
  return n;
}
```

Inaondoa `/=`, `/-`, koma, "kg" na nafasi, kisha inapima kama kilichobaki ni kitupu *kabla* ya kuita `Number`. Mpangilio huo usiugeuze, kwa sababu `Number("")` ni 0. Sifuri maana yake mtumbwi ulirudi bila samaki. Seli tupu maana yake hakuna aliyepima. `d3.mean` huiruka `null`, ila 0 inaihesabu na wastani unashuka. Kuhusu alama "-", muulize karani: kuna wanaoiandika kumaanisha hakuna kipimo, na kuna wanaoiandika kumaanisha hakuna samaki. Ikiwa ni maana ya pili, rudisha 0 kwa alama hiyo.

Hatua ya 4: tarehe

Usitumie `new Date("03/04/2024")`. Vivinjari huisoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza, kwa hiyo 3 Aprili inakuwa 4 Machi, na 13/04/2024 inakuwa tarehe batili. Matokeo yake siku 12 za kwanza za kila mwezi zinatawanyika mwaka mzima na zilizobaki zinapotea.

```
const fupi = d3.timeParse("%d/%m/%y");
const refu = d3.timeParse("%d/%m/%Y");
const tarehe = s => fupi(s.trim()) ?? refu(s.trim());
```

Fupi lazima itangulie. Ukianza na `refu`, "6/4/24" itakubaliwa kama mwaka wa 24 baada ya Kristo, na mhimili utavutwa karne 20 kwa ajili ya rekodi moja. `fupi` ikikutana na 2024 inarudisha `null`, ndipo `refu` inapochukua zamu.

Hatua ya 5: saa

Miongozo mingi haigusi jambo hili, na kwetu ndilo linaloharibu chati nyingi za muda. Karani akiandika 2:30 asubuhi, kompyuta inaelewa usiku wa manane. Safu ya saa bila safu ya kipindi haina maana; kama daftari halina kipindi, kiombe kabla ya kuendelea.

```
function saa(s, kipindi) {
  if (!s) return null;
  const [h, m = 0] = s.split(":").map(Number);
  const usiku = kipindi === "usiku"
    || (kipindi === "alfajiri" && h !== 12)
    || (kipindi === "jioni" && (h === 12 || h < 3));
  return (h % 12 + (usiku ? 18 : 6)) % 24 + m / 60;
}
```

Saa 2:30 asubuhi inatoka 8.5, saa 11:40 alfajiri inatoka karibu 5.67, saa 12:15 jioni inatoka 18.25. Neno "jioni" ndilo gumu: saa 11 jioni bado ni hesabu ya mchana, saa 12 jioni imeshaingia hesabu ya usiku.

Hatua ya 6: unganisha

```
const data = await d3.csv("mwalo.csv", d => ({
  tarehe: tarehe(d.tarehe),
  mwalo: d.mwalo.trim(),
  chombo: d.chombo.trim(),
  samaki: d.samaki.trim().toLowerCase(),
  kilo: namba(d.kilo),
  bei: namba(d.bei),
  saa: saa(d.saa, d.kipindi.trim())
}));
```

Bila `toLowerCase`, "sangara" na "Sangara" watapata rangi mbili tofauti. Unapochora mstari, ongeza `.defined(d => d.kilo != null)` kwenye `d3.line()` ili mapengo yaonekane kama mapengo. Konsoli ikikulalamikia `MNaN,NaN`, kuna thamani isiyo namba iliyofika kwenye mchoro. Tazama tarehe kwanza, halafu kilo.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Igoma:* Shikamoo mwalimu. Faili langu lina "Mac 2024", "Apr 2024" na kuendelea. Nimetumia `%b %Y`, miezi mitano haionekani kabisa.

Marahaba. Ni Mac, Mei, Ago, Okt na Des. D3 inatarajia vifupisho vya Kiingereza. Saba vilivyobaki vinafanana na vyetu, ndiyo maana vimepita. Ipe majina yetu:

```
const sw = d3.timeFormatLocale({
  dateTime: "%d/%m/%Y %H:%M", date: "%d/%m/%Y", time: "%H:%M",
  periods: ["AM", "PM"],
  days: ["Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi"],
  shortDays: ["Jpl","Jtt","Jnn","Jtn","Alh","Iju","Jms"],
  months: ["Januari","Februari","Machi","Aprili","Mei","Juni","Julai","Agosti","Septemba","Oktoba","Novemba","Desemba"],
  shortMonths: ["Jan","Feb","Mac","Apr","Mei","Jun","Jul","Ago","Sep","Okt","Nov","Des"]
});
const mwezi = sw.parse("%b %Y");
```

Tumia `sw.format("%b")` kwenye mhimili pia, ili msomaji aone Mei na Okt. Palipoandikwa "Machi" kwa kirefu, tumia `%B`.

*Dada wa Nansio:* Nachora kimo cha ziwa kila siku. Baadhi ya siku mstari unatumbukia hadi chini kabisa, na siku nyingine zote umenyooka kama rula.

Dada, hayo ni matatizo mawili yenye chanzo kimoja. Kimo cha Ziwa Victoria hucheza karibu na mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na mabadiliko ya msimu kwa kawaida hayafiki hata mita moja. Seli tupu zimegeuzwa 0, kwa hiyo mhimili umeanzia 0 na tofauti za kweli zimebanwa zisionekane. Pitisha safu kwenye `namba`, weka `.defined`, kisha tumia `d3.extent` kupanga mhimili. Kwa grafu ya mstari hilo ni sawa. Chati ya nguzo lazima ianzie sifuri.

*Mwanachama wa Sengerema:* Mizani ya kiwandani inatoa faili lenye nukta mkato, na kilo zimeandikwa 2,5 yaani mbili na nusu. Fankisheni yako inanipa 25.

Ndugu, faili hilo limetoka kwenye mashine iliyowekwa mtindo wa Ulaya bara. Lisome kwa `d3.dsv(";", "mizani.csv", ...)` na uliandikie fankisheni yake inayobadilisha koma kuwa nukta. Usijaribu kutengeneza moja inayokisia mitindo yote miwili: "1,250" inaweza kuwa kilo elfu moja mia mbili na hamsini au kilo moja na robo, na hakuna kitu ndani ya seli kinachoweza kukuambia ni ipi.

*Kijana wa Igoma:* Na PapaParse, ile maktaba nyingine ya kusoma CSV, yenye `dynamicTyping: true`?

Mtego uleule. "1,250" inabaki maandishi, 0147 inapoteza sifuri. Iache `false`, weka `header: true` na `skipEmptyLines: true`, halafu tumia `transform: (v, safu) => safu === "kilo" || safu === "bei" ? namba(v) : v.trim()`.

*Mama Kayenze:* Daftari letu lina safu ya namba za simu za wavuvi. Nazo zibaki maandishi?

Ndiyo mama, ukizifanya namba sifuri ya mwanzo inapotea. Lakini hizo usizipakie kabisa. CSV inayosomwa na kivinjari inaweza kupakuliwa nzima na yeyote aliyefungua ukurasa, hata kama safu hiyo haionekani popote kwenye chati. Ifute kwenye nakala unayoipeleka kwenye seva, na namba ya chombo pia kama inamtambulisha mwenye mtumbwi.