Talaka Texas: Rekodi Iko Kaunti Gani, na Kesi Inafunguliwaje

Anayetaka kufunga ndoa nyingine au kumwombea mwenza mpya grini kadi ataulizwa karatasi ileile: hukumu ya talaka, yaani Final Decree of Divorce, yenye muhuri wa mahakama. Kwa Texas, karatasi hiyo iko kwenye kaunti ilikofunguliwa kesi, katika ofisi ya District Clerk. Wengi huanzia kwa County Clerk kwa sababu majina yanafanana. Huyo hutunza leseni za ndoa na hati za ardhi. Talaka hana, isipokuwa katika kaunti ndogo ambako mtu mmoja hushika ofisi zote mbili.

Kama hujui kesi ilifunguliwa kaunti gani, pitia kwanza idara ya afya ya jimbo, DSHS. Ina kumbukumbu za talaka tangu 1968, na kwa dola 20 hukuandikia barua ya uthibitisho inayotaja majina, tarehe na kaunti. Barua hiyo haichukui nafasi ya hukumu, na anayeituma USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) badala ya hukumu anajitafutia barua ya kudaiwa nyaraka zaidi. Itumie kuipata kaunti, kisha nenda kwa District Clerk ukaombe nakala iliyothibitishwa. Gharama ni kama dola 1 kwa ukurasa, pamoja na ada ndogo ya uthibitisho. Chukua nakala tatu kwa mkupuo. Tovuti binafsi zinazokuuzia "rekodi za talaka" kwa kadi ya benki hazina muhuri wowote wa kukupa.

Kaunti kubwa kama Harris (Houston), Dallas na Tarrant (Fort Worth) zina ukurasa wa kutafutia kesi mtandaoni. Hapo majina yetu sisi Waafrika Mashariki huleta kazi. Mwenye majina matatu huenda ameandikwa kwa jina la babu kama jina la ukoo, na aliyeingia nchini na jina moja tu huenda ameandikwa FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani". Ng'ang'a hupatikana kama Nganga au Ng Ang A. Mohamed ana tahajia tatu au nne. Tafuta kwa jina la mwenza pia, maana kesi moja hubeba majina yote mawili.

Ukiipata kesi, usishangilie kabla ya kusoma matokeo yake. Ikiwa imeandikwa "Dismissed" au "Nonsuit", kesi ilifutwa na ndoa bado ipo. Kuna watu walioolewa upya wakiamini wameachika, kumbe kesi ya kwanza ilitupwa kwa kukaa bila kusogezwa. Kinachohesabika ni hukumu iliyotiwa saini na jaji. Hata baada ya saini hiyo, sheria ya Texas inamzuia kila mmoja kufunga ndoa na mtu mwingine kabla siku 30 hazijapita, ila jaji akiruhusu.

Talaka tatu mbele ya sheikh, au kurudishwa kwa mahari kijijini, havivunji ndoa machoni pa jaji wa Texas. Na ndoa ya kimila au ya msikitini iliyofungwa kihalali Kenya au Tanzania kwa kawaida hutambuliwa huku, kwa hiyo nayo inahitaji hukumu.

Sasa kufungua kesi. Mmoja wenu awe ameishi Texas miezi 6 mfululizo, na katika kaunti hiyo siku 90, kabla ya siku ya kufungua. Anatosha mmoja. Ukiwa jimbo jingine na mwenzako ametimiza miezi 6 Texas, unaweza kufungua kwenye kaunti anakoishi yeye. Aliyehama wiki iliyopita kutoka Dallas kwenda Arlington, iliyo kaunti ya Tarrant, asikimbilie kufungua huko. Siku 90 hazijatimia. Baraza la usuluhishi la ndoa kama la Tanzania halitakiwi, wala huhitaji kuthibitisha uzinzi: inatosha kusema ndoa haivumiliki tena, na fomu zina neno lake, "insupportability".

Fomu za bure ziko TexasLawHelp.org, seti ya wenye watoto ikiwa mbali na ya wasio nao. Ya msingi ni Original Petition for Divorce, yaani ombi lenyewe la talaka. Unaiwasilisha kwa eFileTexas au dirishani. Ada hutofautiana kwa kaunti na kwa kawaida hupita dola 300; asiye na uwezo hujaza Statement of Inability to Afford Payment of Court Costs. Kama unataka kurudia jina lako la zamani, liombe humohumo, ili lije ndani ya hukumu.

Mwenzako lazima apewe taarifa rasmi, na hapa ndipo kesi nyingi za watu wetu hukwama. Akiwa Texas, konstebo au mpeleka wito aliyeidhinishwa humkabidhi, naye ana hadi saa 4 asubuhi ya Jumatatu ya kwanza baada ya siku 20 kupita ili ajibu. Mkiwa mnaelewana, anaweza kutia saini Waiver of Service, karatasi ya kukubali kutokabidhiwa wito, mbele ya notari. Aitie baada ya kesi kufunguliwa. Ya kabla haifai. Iwe saini ya kalamu, maana saini ya kubandikwa kwa kompyuta imekatazwa na sheria yenyewe, kwa hiyo ile picha ya saini iliyotumwa WhatsApp itarudishwa. Aliyeko Nairobi au Dar es Salaam njia yake salama ni notari wa ubalozi wa Marekani, kwa miadi, dola 50 kwa kila muhuri. Asiyejulikana aliko hutangaziwa kwa amri ya mahakama, baada ya wewe kuapa kuwa umemtafuta kweli: ndugu, kazini, mitandaoni.

Kisha siku 60, zikihesabiwa tangu kufungua, si tangu kukabidhiwa. Ukatili wa nyumbani uliothibitishwa kwa hukumu ya jinai au amri ya ulinzi huondoa subira hiyo. Siku zikitimia hakuna talaka inayojitoa yenyewe. Ni wewe unayeandaa hukumu, kuomba siku ya kusikilizwa, kujibu maswali machache ya jaji na kungoja saini. Mke akiwa mjamzito, majaji wengi husubiri mtoto azaliwe.

Watoto walioishi kwa bibi Mwanza au Eldoret kwa miezi 6 iliyopita ni suala zito. Mahakama ya Texas inaweza kuvunja ndoa lakini ikakosa mamlaka ya kuamua malezi yao, kwa sababu nchi wanakoishi ndiyo kwao kisheria. Mtaje kila mtoto na anwani zake za miaka 5 iliyopita. Kiwanja cha Kigamboni au Kitengela nacho kitajwe: jaji anaweza kumwamuru mwenzako akuhamishie, ila hawezi kubadilisha jina kwenye masjala ya ardhi ya huko.

Kwa wenye grini kadi ya masharti ya miaka 2, talaka haiifuti siku hiyohiyo. Fomu I-751, ya kuondoa masharti hayo, huwasilishwa na mmoja peke yake, kwa ombi la kusamehewa kuwasilisha pamoja na mwenza, akiwa na ushahidi kuwa ndoa ilikuwa ya kweli. Njia ya uraia wa miaka 3 kupitia mwenza hufungwa, unarudi kwenye miaka 5. Aliyeteswa na mwenza raia au mkazi wa kudumu ana miaka 2 tangu talaka kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360. Mwone wakili wa uhamiaji kabla jaji hajatia saini.

Hukumu ya kutumika nyumbani ipelekwe kwa Texas Secretary of State, dola 15 kwa waraka. Burundi na Rwanda hupokea apostile, cheti cha kuthibitisha waraka chini ya mkataba wa kimataifa wa Hague. Kwa nchi iliyo nje ya mkataba huo, waraka huendelea Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kisha ubalozi wa nchi yako. Tumia nakala mpya yenye muhuri; fotokopi hairudi na kitu.