Krosova iliyotumika kwa dereva kijana: mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Kijana mwenye leseni mpya kwa kawaida huwa anajua kushika usukani. Kinachomponza ni kuingia kwenye kona kwa kasi, kuchelewa kuiona hatari, na kujaza wenzake garini. Gari lake la kwanza linatakiwa lisamehe makosa hayo na lisimchochee kuyafanya. Krosova ya ukubwa wa kati, yaani gari la familia lililoinuka kuliko saluni, inaifaa kazi hiyo, ila kuna kichujio kimoja cha kupitisha kabla ya kuangalia rangi, kilomita wala bei.

Kichujio hicho ni ESC, mfumo unaolizuia gari lisiteleze. Krosova imeinuka, uzito wake uko juu, na ikiyumbishwa ghafla hupinduka kwa urahisi kuliko saluni. ESC hufunga breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini mara gari linapoanza kutoka kwenye mstari, kabla dereva hajafahamu kinachotokea. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote kuanzia modeli ya 2012, na Ulaya magari mapya yote yalitakiwa kuwa nao kufikia Novemba 2014. Kwa modeli za kabla ya hapo, magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana, kwa hiyo usiliamini tangazo. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa yenye picha ya gari na michirizo ya matairi iwake, kisha taa hiyo izime yenyewe injini ikiwaka. Toyota huuita VSC, Honda VSA, Nissan VDC, Mazda DSC. ABS, inayozuia tu breki zisikwamishe magurudumu, peke yake si ESC. Krosova isiyo nao iache. Saluni yenye ESC itamfaa kijana kuliko hiyo.

Baada ya hapo tazama uzito na nguvu. IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, haipendekezi kwa vijana gari lenye uzito chini ya pauni 2,750, yaani kama kilo 1,250, kwa kuwa gari jepesi ndilo huumia zaidi linapogongana na zito. Krosova nyingi za kati zinavuka kiwango hicho. Injini ya lita 2.0 hadi 2.5 isiyo na tabo inatosha kabisa. Nguvu za farasi 140 hadi 180 zinapanda mlima na kupita lori bila kumpa mtoto hamu ya mashindano. Toleo la spoti linunue siku nyingine, kwa ajili yako mwenyewe. Nyota za majaribio ya kugongana zisome pamoja na mwaka wake: masharti yamekuwa yakikazwa, kwa hiyo nyota tano za Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, za 2010 si sawa na nyota tano za 2020.

Kila modeli ina ugonjwa wake. Toyota RAV4 za 2006 hadi 2008 zenye injini ya 2.4 zinajulikana kwa kula oili. Ile ya 2.5 iliyofuata ni tulivu zaidi. Honda CR-V ya 2.4 ni imara, ila ya 1.5 tabo ya 2017 na 2018 ilikuwa na tatizo la petroli kuingia kwenye oili, hasa kwenye baridi na safari fupi. Subaru Forester za 2011 hadi 2013 nazo baadhi hula oili. Hyundai Tucson na Santa Fe, na Kia Sportage na Sorento, zenye injini za familia ya Theta II ziliitwa na kiwanda zitengenezwe kwa sababu ya beringi za krankishafti kufa, kwa hiyo dai ushahidi kwamba kazi ilifanyika. Mazda CX-5 chukua ya petroli. Dizeli yoyote ya kisasa yenye chujio la masizi haimfai mtu wa kwenda shule na kurudi: safari fupi hazilipi chujio joto la kuunguza masizi, nalo huziba. Mwisho, ingiza namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 kwenye tovuti ya kiwanda uone kama kuna marekebisho ya usalama ambayo hayajafanyika, hasa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata.

Siku ya ukaguzi mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, maana injini iliyopashwa huficha mengi. Chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango, kisha fungua kifuniko cha oili. Utando mzito wa rangi ya maziwa unaweza kuashiria maji ndani ya injini, ingawa gari la safari fupi kwenye baridi huwa nao kidogo. Mwambie mtu awashe huku wewe ukitazama ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta kuzidi, mweupe mzito usiokatika ni maji ya rejeta. Taa ya mfuko wa hewa lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imefichwa kwa sababu mifuko ilishafumuka kwenye ajali.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa tope au harufu ya uvundo ni dalili ya gari la mafuriko; thibitisha kwa kuangalia kutu kwenye reli za viti na chini ya tairi la akiba.

Giaboksi ya CVT, ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ndiyo inayotia hasara kubwa kuliko vyote, na Nissan X-Trail na Rogue za miaka ya 2008 hadi 2018 zina sifa mbaya hapo. Dakika tano za kuzunguka mtaani hazitoshi. Endesha nusu saa mpaka oili yake ipate moto. Kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa kanyaga taratibu: ikitetemeka, ikivuma, au mizunguko ya injini ikapanda huku kasi ikibaki pale pale, ondoka. Omba risiti za kubadilisha oili ya CVT, takriban kila kilomita 60,000. Anayekuambia oili hiyo ni ya maisha anataka kuuza.

Kwa gari la kuvuta magurudumu manne, pima kina cha mifereji ya matairi yote. Yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 hivi, yanazunguka kwa kasi tofauti na kuichosha klachi inayogawa nguvu. Kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye uwanja mtupu. Gari likikwama na kurukaruka, mfumo huo una shida. Mlio wa ta-ta-ta kutoka mbele ni jointi za ekseli. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mifereji ikiwa chini ya milimita 3, tairi hupoteza sana mshiko kwenye maji hata kama sheria nyingi zinaruhusu mpaka 1.6.

Chomeka kifaa cha kusoma hitilafu hata kama taa ya injini haiwaki. Vipimo vingi vya ndani vikionyesha "havijakamilika", kuna uwezekano mtu amefuta hitilafu karibuni.

Kisha mkalishe dereva mwenyewe. Akikanyaga breki hadi mwisho goti libaki limekunjwa, na kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka usukani. Ageuke nyuma: krosova nyingi zina nguzo nene zinazoficha pikipiki nzima, na hapo kamera ya nyuma ina thamani kuliko viti vya ngozi. Safu ya tatu ya viti usiitafute, maana itajaa marafiki.

Omba makadirio ya bima kwa namba ya chesisi hiyo kabla ya kulipa. Kwa dereva mdogo tofauti kati ya modeli mbili inaweza kukubadilishia uamuzi. Ukishanunua, badilisha oili ya injini, vichujio, oili ya breki na, kama haina historia, oili ya giaboksi. Fungua sakafu ya buti: krosova kadhaa hazina tairi la akiba, zina chupa ya gundi na pampu tu, na gundi hiyo ina tarehe ya kuisha.