Kabla hujakata rufaa ya asilimia ya mgongo na nyonga

Barua ya Idara ya Maveterani ya Marekani, VA, inayowalipa wanajeshi wa zamani fidia kwa asilimia ya ulemavu, ikifika na asilimia isiyolingana na maumivu yako, usikimbilie fomu. Soma kwanza sababu walizotoa. Mgongo wa chini hupimwa hasa kwa nyuzi za pembe unazoweza kuinama. Ukiinama mbele ukakomea nyuzi 30 au pungufu, unapewa asilimia 40. Zaidi ya 30 hadi 60 ni asilimia 20, na zaidi ya 60 hadi 85 ni 10. Kwenye nyonga, paja likikunjwa likakomea nyuzi 45 ni asilimia 10, likikomea 30 ni 20. Omba nakala ya ripoti ya kipimo uone ziliandikwa nyuzi ngapi, kisha ujiulize kama ndivyo ilivyokuwa siku ile.

Kwa wanajeshi wenye asili ya Afrika Mashariki hapa ndipo ninapopahofia zaidi. Tumelelewa kwa neno "jikaze", na jeshi likaongezea. Mtu anainama hadi mwisho huku jasho likimtoka, hasemi kitu, na ripoti inaandika kwamba hana maumivu. Ukipimwa tena, taja pale maumivu yanapoanza. Kanuni zinataka chombo cha kupimia pembe, si kukadiria kwa macho, kwa hiyo kisipotumika andika hivyo ukitoka tu. Eleza pia siku maumivu yanapochachamaa: yanakuja mara ngapi, yanadumu muda gani, na unashindwa kufanya nini. Tangu hukumu ya mahakama katika kesi ya Sharp ya 2017, mpimaji hawezi kuziruka siku hizo kwa sababu tu hakukukuta nazo. Daftari la miezi kadhaa, pamoja na maelezo ya maandishi ya mkeo, mumeo au mwenzako wa kazini anayekuona ukishindwa kufunga viatu, vina uzito hapa.

Angalia kama kuna kitu kilichosahaulika. Maumivu au ganzi inayoshuka mguuni kutoka mgongoni hupewa asilimia yake peke yake. Nyonga iliyoharibika kwa sababu mgongo umekufanya uchechemee inaweza kudaiwa kama tokeo la mgongo, ila unahitaji daktari aandike, kwa sababu za kitabibu, kwamba uwezekano huo ni angalau nusu kwa nusu. Asilimia hazijumlishwi kama hela: 40 na 20 huwa 52, kisha hushushwa hadi 50.

Njia ni tatu tangu Februari 2019. Ukiwa na ushahidi mpya, peleka dai la nyongeza. Kama ushahidi ulikuwemo wakausoma vibaya, omba mapitio ya ngazi ya juu, ambayo hayapokei karatasi mpya. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa, ambako unaweza kusikilizwa na jaji, lakini huchukua muda mrefu. Usivuke mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, maana malipo ya nyuma hutegemea hapo. Na ujue kwamba faili likifunguliwa, asilimia inaweza pia kushushwa.

Wawakilishi wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion husaidia bure. Anayetaka fedha, tafuta jina lake kwenye orodha ya VA ya walioidhinishwa. Asipokuwemo, usimpe hata nakala ya barua yako.